Nazi za Msambweni kwenda Tanga: treni ilikula ngapi, bahari ilikula ngapi

Wakubwa zangu humu shikamooni. Wadogo, za kwenu nimezipokea.

Wakuu, nimesoma mkisifu treni, kwamba kwa mzigo hakuna usafiri rahisi kama huo. Mimi nawapa hesabu yangu. Nikizidisha hata nazi moja, nifungieni akaunti.

Ni miaka ile uhuru ungali mbichi. Nilikuwa mwanamke kijana, nauza nazi Msambweni, mwanachama wa chama cha wakulima. Mnunuzi wetu alikuwa Tanga. Alitaka nazi na makumbi yake, maana makumbi aliwauzia wasokota kamba.

Mwenyekiti wetu akarudi Mombasa na bei ya treni. Kweli, kwa gunia ilikuwa ndogo. Akasema tumejitawala, mambo ya vyombo vya matanga tuwaachie wazee.

Nikamuuliza treni inapita wapi. Voi, Taveta, Moshi, ndipo ishuke Tanga. Yaani nazi ikautazame Mlima Kilimanjaro kwanza, na Tanga iko hapo tu, ukishapita Vanga!

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Basi peleka zako kwa bahari, bibi. Zikikushinda, msimu ujao utaniuzia mimi, kwa bei yangu."

"Na zako zikikushinda, mwenyekiti?"

"Haziwezi."

Bei yake niliijua. Ilikuwa sawa na kuniambia nikalale njaa. Nikakubali.

Sasa tazameni. Treni walitoza kwa gunia, na nazi yenye makumbi hujaza gunia upesi. Mwenyekiti akazifua zote, akayatoa makumbi, ili zienee. Akalipa wafuaji. Akalipa lori, kivuko cha Likoni, mahamali wa stesheni huku na wa kule.

Mimi nilikwenda kwa nahodha wa jahazi anayelipwa kwa nazi. Alitaka kumi na tano katika kila mia. Nikakaa naye mpaka chai yake ikapoa, akashuka hadi kumi na mbili.

Hamali wa nini? Nazi yenye makumbi huelea. Tulizifunga kwa kamba, tukazivuta majini hadi chomboni. Kule Tanga tukangoja maji yajae, tukazimwaga, zikaenda ufukweni zenyewe. Nikahesabu mara mbili. Mbili hazikuonekana, nadhani zilikwenda Pemba.

Zake zilifika nyingi zimepasuka, na mnunuzi akakata bei ya makumbi.

Tukageuza gharama zote kuwa nazi, mbele ya wanachama. Katika kila mia, treni ilikula thelathini na moja. Bahari ilikula kumi na mbili, na hizo mbili za Pemba nizitoe sadaka.

Sisemi treni ni mbaya. Ukiwa na ng'ombe Mackinnon Road, karibu na stesheni, wapakie. Lakini ukitajiwa bei ya mzigo, uliza: kutoka mlango wa nani, hadi mlango wa nani?

Anayebisha aandike hapa chini, aje na hesabu.

Na mwenyekiti? Msimu uliofuata alikuja kwangu kuomba nafasi chomboni. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote. Punguzo sikumpa.