Birika la Bibi Muoi

Kwa Bibi Muoi, maua hayatazamwi kwa kusimama. Kila asubuhi, kabla hajaanza kufunga wali wa kunata kwenye majani ya mgomba aupeleke sokoni, hutoa kigoda nje, huketi na kahawa yake, akawa kama mtu aliyekwenda kutembelea ndugu. Huyatazama mayasmini, huyatazama yale mekundu yenye kichwa kama kishungi cha jogoo, na huyasemesha. "Wewe leo umependeza. Na wewe huko nyuma, unajificha nini? Una deni?" Zamani Lieu, mke wa mwanawe, alikuwa akitoka jikoni kuangalia nani kaja. Siku hizi hatoki tena.

Mti mmoja tu ndio uliokuwa ukimtia aibu, nao ni ule mti wa mai uliopo karibu na geti. Aliupanda marehemu mumewe. Mai ni mti wa Tet, sikukuu ya mwaka mpya. Maua yake ya manjano yanatakiwa yafunguke asubuhi ya kwanza ya mwaka mpya, si kabla, si baada. Ili yafunguke hivyo, ni lazima mwenye mti aunyonyoe majani yote kwa mkono katika mwezi wa mwisho, kama anavyonyonyolewa kuku. Ukiwahi kunyonyoa, maua yanakuja na kupukutika wewe bado unasugua masufuria. Ukichelewa, yanakuja wageni wameshaondoka. Kila nyumba ina hesabu yake, na hesabu ya Bibi Muoi haijawahi kutimia hata mwaka mmoja.

Jirani yake, Mzee Tam, fundi wa injini za boti aliyekwisha kustaafu, hakosei. Mai yake hufunguka siku yenyewe, tena mti mzima. Basi kichochoro kizima humwomba yeye awe wa kwanza kuingia majumbani asubuhi hiyo, kwa kuwa mguu wa kwanza ndio unaoingia na bahati ya mwaka, na nani ana bahati kumzidi mtu ambaye hata maua yanamtii? Huvaa shati jeupe, huingia nyumba hadi nyumba, hunyweshwa chai, hulishwa peremende za nazi, husifiwa. Na nyumba ya kwanza ni ya Bibi Muoi. Husimama pale getini, akautazama ule mti usio na jani wala ua, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mfereji:

"Dada Muoi, huu mti au ufagio?"

Bibi Muoi hucheka, akammiminia chai, moyoni akiiombea imchome ulimi. Alichokuwa akikitaka ni kimoja: mwaka mmoja tu, kabla hajafa, mguu wa kwanza uwe wake.

Kwa hiyo mwaka huo aliacha hesabu zake, akaanza kuchungulia. Siku Tam atakayonyonyoa, na yeye atanyonyoa. Asubuhi moja akachungulia juu ya ukuta, akaliona tawi la Tam lililoelekea kwake halina hata jani. Hakumaliza kahawa. Alipanda ngazi, akanyonyoa mpaka vidole vikawa vyeusi.

Lieu aliporudi kutoka sokoni akapitia njia ya mferejini, akaingia na kapu mkononi. "Mama, mti wa Mzee Tam upande wa kule bado una majani tele. Kanyonyoa tawi moja tu, hili la huku kwetu."

Bibi Muoi akaenda ukutani, akatega sikio. Upande wa pili Tam alikuwa akimweleza mkewe, maneno yanakatwa na kicheko: "Kanyonyoa wote! Mti mzima! Nimemwona na ngazi yake!"

Alirudi akakaa kwenye kigoda. Lieu alidhani atalia. Yeye akasema tu, "Mzee mshenzi yule," kama mtu anayetaja jina la ukoo.

Maua sasa yatawahi, hilo halikuwa na ubishi. Dawa ya mai inayowahi inajulikana: kivuli na baridi. Akaufunika mti kwa chandarua cha zamani na mikeka, akamtuma Lieu barafu kwa wauza samaki. Mikeka ingepita kama kinga ya upepo, lakini akimwagia barafu mchana kweupe, Tam atajua mtego umenasa, na kicheko chake kitafika sokoni kabla ya Bibi Muoi. Basi akaivunjavunja barafu, akaitia ndani ya birika jeusi la kuchemshia maji, akajaza maji, akalishika kwa kitambaa kama mtu anayetoka nalo jikoni.

Alipokuwa akimimina kwenye shina, kichwa cha Tam kikachomoza juu ya ukuta.

"Dada Muoi, unaupa mti chai?"

"Namwagilia tu, Kaka Tam."

"Kwa birika?"

"Ndoo imetoboka."

Upepo wa kaskazini ulikuwa ukivuma asubuhi hizo, watu wanaswaki huku wamevaa sweta. Bibi Muoi akamwona Tam anautazama mti wake mwenyewe, kisha lile birika, kisha kile kitambaa. Hapo wazo likaja lenyewe, hakulitafuta. Akaweka birika chini, akavipuliza vidole vyake: fuu, fuu, kama vimeungua.

"Ni maji ya kawaida?" Tam akauliza.

"Ya kawaida kabisa," akajibu, akapuliza tena.

Tangu siku hiyo alilitoa birika kila asubuhi, akitembea polepole, uso kaukunja. Lieu alibaki mlangoni ameuma upindo wa nguo yake asicheke. "Mama, utakamatwa."

"Kwa kosa gani? Mimi nimesema uongo? Nimesema ni maji, na ni maji."

Haukupita muda, moshi ukaanza kupanda uani kwa Tam mapema kuliko kawaida yake. Bibi Muoi akachungulia mara moja tu. Tam alikuwa kainama, anaunywesha mti wake, sasa nao umenyonyolewa wote, maji yanayotoa mvuke, taratibu, kama anamlisha mgonjwa uji. Mkewe akamwuliza kulikoni, akamjibu kwa ukali, "Baridi hii itachelewesha maua! Hata jirani aliyewahi kunyonyoa kashajua, sisi tumelala!"

Mai ya Tam ikafunguka watu wakiwa bado wanafunga keki za mchele za sikukuu. Ilipendeza mno. Watu waliitazama, wakasifu, kisha wakahesabu siku zilizobaki, wakaenda zao. Tam alifagia, ikapukutika, akafagia tena. Usiku wa kuamkia mwaka ikadondosha yote iliyokuwa imebaki.

Asubuhi ya kwanza Bibi Muoi alitoka na kigoda chake, akakivuta chandarua. Mti ulikuwa wa manjano tupu, tangu chini mpaka juu, nyuki wameshafika. Akakaa. Kwa mara ya kwanza hakupata la kuusemesha. Alikaa hivyo mpaka mama wa nyumba ya mbele akaita, "Bibi Muoi! Njoo uingie kwetu kwanza, tafadhali, usituache!" Na wa pili. Na wa tatu.

Alipofika kwa Tam, mlango ulikuwa wazi na shati jeupe limeshavaliwa, lakini hakuna aliyemwita. Uwanja mzima ulikuwa umetapakaa maua yaliyodondoka, na siku ya kwanza hakuna anayegusa ufagio, asije akafagia na bahati. Mkewe Tam akasema, "Dada Muoi, tafadhali, tuingilie." Tam akatazama pembeni.

"Ngojeni, nimesahau zawadi," akasema Bibi Muoi. Akarudi na birika, kalizungushia kile kitambaa, akamkabidhi Tam. "Pole pole, Kaka Tam."

Tam akalipokea kwa ncha za vidole, mdomo tayari kaukunja kwa kungoja kuungua. Akaligusa kwa kiganja. Akafunua kifuniko, barafu ikagongana ndani: kli, kli.

Akamtazama Bibi Muoi, mashavu yakaanza kumtetemeka, na alipocheka alicheka mpaka akajishika ukutani. "Mama weee! Nami nimemaliza kuni zote za sikukuu!"

Bibi Muoi alikuwa ameshavuka kizingiti, mguu wa kulia kwanza. Akageuka mlangoni, akautazama uwanja.

"Kaka Tam," akasema, "huu uwanja au mkeka?" Kisha akaomba kigoda.