Mama Akidi na Mjumbe wa Tisa

Dada yangu ni katibu wa Kamati ya Elimu bungeni, na kwa sababu hiyo ukoo mzima unaamini kwamba yeye ndiye anayeendesha elimu ya nchi. Mashemeji humletea vyeti vya watoto waliofeli. Mjomba wetu alimtaka afute somo la hesabu, na hakuwa anatania. Akiwaeleza kwamba kazi yake ni kuandaa vikao, kuandika ripoti na kuhakikisha wajumbe wanafika, wanamtazama kwa huruma, kisha wanaondoka wakinong'ona kwamba mtu akipata cheo anasahau kwao.

Hilo la kuhakikisha wajumbe wanafika ndilo lililompa jina. Kamati ina wajumbe kumi na saba, na bila tisa kuwa ndani ya chumba haiwezi kuamua hata rangi ya kalamu. Hao tisa ndio akidi. Waziri anaweza kuitwa aeleze fedha za vitabu zimekwenda wapi, akaja na maofisa wake huku jasho likimtoka, lakini wajumbe wakiwa wanane anarudi zake ofisini anacheka. Kwa hiyo dada huwatafuta. Huvaa viatu bapa, akapita mgahawani, kwa kinyozi na kwenye maegesho, akiwabembeleza watu wazima waingie kazini kama muuguzi anayemshawishi mgonjwa anywe dawa. Wenzake wanamwita Mama Akidi. Yeye anasema halimuudhi. Mimi linaniudhi kwa niaba yake.

Zamani alikuwa mwalimu, tena mzuri. Mimi mwenyewe alinifundisha kusoma, kwa ukali, jikoni kwa mama, nikikosea silabi narudia ukurasa mzima. Aliacha chaki kwa sababu aliamini kwamba bungeni ataweza kuzisaidia shule zote kwa mkupuo mmoja: kamati ikimbana waziri, madawati yatapatikana, ikichambua bajeti, walimu wataajiriwa. Na kweli mara chache imetokea. Mara nyingi kamati inatembelea shule, inasikitika, inakunywa chai, na dada anarudi kuandika kwamba imesikitika.

Mimi nilibaki na chaki. Nafundisha darasa la kwanza kwenye shule ndogo nje ya mji, na mwaka ule wizara ilipeleka bungeni muswada wenye kifungu kimoja kilichoninyima usingizi. Shule yoyote yenye wanafunzi chini ya mia mbili ifungwe, watoto wahamishiwe shule ya jirani. Yetu haifiki huko. Na shule ya jirani, kwa mujibu wa ramani ya wizara, iko karibu kabisa. Ramani hiyo haioneshi bonde. Kulizunguka ni mwendo wa saa nzima kwa mtu mzima, na wanafunzi wangu wana miaka sita. Wengine ukiwatazama kwa nyuma unaona begi tu linatembea.

Wazazi walinituma nikatoe maoni mbele ya kamati. Nilipewa dakika tano. Nikaeleza bonde, mvua, magari yanayopita kasi kwenye ile barabara ya kuzunguka. Mjumbe mmoja akauliza, bila kucheka, kwa nini wazazi wasijitahidi kuzaa ili idadi itimie. Majibu yote yaliyonijia yangenipeleka rumande. Lakini mwenyekiti, mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, alisikiliza, na akaleta marekebisho: shule isifungwe kama mtoto hawezi kufika ile nyingine kwa nusu saa ya kutembea. Maofisa wa wizara walinuna. Uamuzi ukapangwa siku ya mwisho ya vikao.

Siku hiyo nilikaa kwenye benchi la wananchi tangu asubuhi. Wajumbe waliingia mmoja mmoja hadi wakafika wanane, wakaishia hapo. Wanne walikuwa wameshasema wanaunga mkono marekebisho, wanne wako na wizara. Mwenyekiti akasema kanuni zinaruhusu kusubiri nusu saa tu, akamgeukia dada, akamwomba amtafute wa tisa. Aliamini atapatikana mtu wa upande wake.

Mimi sikuwa na imani hiyo. Wa upande wetu waliokosekana walikuwa safarini, na waliobaki mjini nilijua wanaimba wimbo wa waziri. Ila wa tisa asipopatikana, kamati haitakuwa na uamuzi, na bila ripoti ya kamati muswada wote ungesubiri mwaka ujao. Mwaka mzima! Watoto wangu wangekuwa wamekua kidogo, wazazi wangepata nafasi ya kupiga kelele. Nikatoka mbio, nikamkuta dada kwenye ujia.

"Dada," nikamwambia, "leo tembea polepole."

Alisimama. Alinielewa papo hapo, niliona usoni.

"Mdogo wangu, usinifanyie hivyo."

"Sikuombi umdanganye mtu. Nakuomba uchelewe tu."

"Mimi humu ndani sina upande. Siku nikiwa nao, kesho yake nani atanisadiki?" Akanirekebishia kola, kama alivyozoea tangu niko mtoto, akaniambia nirudi nikakae.

Nilirudi nimefura. Huyu ndiye dada yangu, nikawaza, mtu wa kunyoosha kola wakati nyumba inaungua. Chumbani mjumbe mmoja alikuwa anasinzia waziwazi, mwingine anaonesha wenzake picha za gari kwenye simu. Ofisa wa wizara alitazama saa yake kila mara, nami nikatazama ya ukutani, na nina hakika hakuna mtu aliyewahi kuombea kikao kisifanyike kwa moyo niliokuwa nao. Dakika zikawa zinayoyoma. Mwenyekiti akaanza kukusanya karatasi zake.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mjumbe ambaye wafanyakazi wanamwita Mheshimiwa Kiti, kwa sababu kwa miaka mingi kiti chake ndicho kimekuwa kikihudhuria vikao. Alikuwa anahema. Nyuma yake, na faili kifuani, alikuwa dada yangu.

Mheshimiwa Kiti aliketi, akaomba maji, akamwuliza jirani yake ni nini kinachoendelea. Sijui aliambiwa nini, maana mwenyekiti alikuwa ameshawahoji wajumbe. Wanaokubali marekebisho, mikono minne. Wasiokubali, mikono minne; halafu Mheshimiwa akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona wa jirani uko juu, na wake ukapanda. Dada akaandika. Hakunitazama hata mara moja. Kesho yake angeandika pia kwamba kamati, baada ya kutafakari kwa kina, imeridhia kifungu kama kilivyoletwa, na sentensi hiyo ingekuwa nzuri, kwa sababu anajua kuandika.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi karibu na maegesho, nalia kwa hasira. Nilikuwa nafikiria nitawaambia nini wazazi, nitasimamaje mbele ya watoto niwaambie shule yao imefungwa na watu wanne waliosikiliza nusu nusu na mmoja ambaye hakusikiliza kabisa. Baada ya muda dada akaja, akaketi kando yangu. Nikammiminia yote. Nilimwambia anaipenda akidi yake kuliko watoto wa watu. Nilimwambia mama alikosea kujivunia kazi yake, na mengine ambayo mtu hamwambii dada yake mkubwa. Aliniacha nimalize.

"Sikumtafuta," akasema.

"Nimekuona kwa macho yangu ukiingia naye."

"Sikumtafuta yeye wala mtu mwingine. Nilipoachana na wewe nilikwenda kwenye ngazi, nikakaa chini." Alikuwa anazungumza taratibu, akitazama viatu vyake. "Miaka yote hii sijawahi kufanya hivyo. Nilikaa tu, nikisubiri ile nusu saa iishe."

Sikujua pa kuyaweka maneno niliyokuwa nimeshamwambia.

"Ndipo akanikuta. Alikuwa anatafuta Kamati ya Barabara, maana huko nako ni mjumbe. Nikamwambia iko ghorofa ya juu, mlango wa kwanza. Akazitazama zile ngazi, akasema magoti yake hayawezi kwenda mbali hivyo, afadhali aingie hii iliyo karibu."