Chai ya Posa, Shimla

Sisi watu wa Toronto tuna kiburi kimoja: baridi. Ukituambia kwenu kuna baridi, tunacheka kabla hujamaliza. Ndiyo maana mwanangu aliponiambia kwamba Shimla ni mji wa milimani na mwezi wa pili huwa na theluji, niliacha koti langu kubwa nyuma ya mlango wa nyumba yetu pale Crescent Town, lile linalonifanya nionekane kama godoro lililokunjwa. Nafasi yake kwenye sanduku nikaijaza vitenge vya zawadi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi na haikunisaidia kitu.

Safari yenyewe ilikuwa ya posa. Mwanangu na mchumba wake walikulia jengo moja, na nadhani walipendana ndani ya lifti, maana lifti zetu zina tabia ya kukwama. Binti huyo nilishampenda zamani. Ila alikuwa na sharti: bibi yake mzaa mama, aliyemlea Shimla utotoni kabla hajahamia Kanada, asipobariki, hakuna harusi. Na bibi alishatamka kwenye simu, sote tukisikia, kwamba hatoi mjukuu kwa watu ambao hajawaona wameketi sebuleni kwake. Magoti yake hayamruhusu kusafiri. Nilimheshimu papo hapo. Mshenga nikawa mimi mwenyewe, maana ningemtuma nani mpaka Himalaya?

Treni ndogo ilitupandisha taratibu, mimi, mwanangu na mchumba wake, ikiingia mahandaki na kutoka, misonobari pande zote. Mimi ni mzaliwa wa Upareni, milima na ukungu navijua, lakini mji ule ulinifurahisha kama mtoto. Umejibandika mgongoni mwa mlima: mapaa ya bati mekundu na ya kijani, nyumba za kale za Waingereza waliokuwa wakikimbia joto la bondeni, kanisa la rangi ya maziwa juu kabisa, na barabara kuu isiyoingia magari, watu wanapunga upepo tu. Nikasimama kutazama vilele vya theluji kwa mbali. Tumbili akashuka kutoka paa la duka, akanivua kofia yangu ya sufu, akaondoka nayo bila haraka. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nyumbani kwa bibi ndipo nilipopata adabu. Toronto, baridi hukaa nje. Ukifunga mlango umeiacha huko. Shimla, baridi inaishi ndani pamoja na wenye nyumba. Bibi alikuwa mdogo wa umbo, macho makali, amejifunika shali mbili. Nikaketi, meno yakaanza kugongana. Chai ikaletwa, ya maziwa na tangawizi, mvuke unapanda, inanukia kama ya kwetu.

Sikuigusa. Katika ukoo wetu, mpeleka posa hanywi wala hapokei kitu mpaka ajibiwe. Marehemu mama alikuwa akisema, aliyekwisha kunywa chai ya watu hana tena la kudai. Haikunijia akilini kuwaeleza watoto, kwa sababu kwetu mambo haya hayaelezwi, yanafanywa. Nikainamisha kichwa kwa adabu, nikasogeza kikombe pembeni. Bibi akanipa shali, nikairudisha kwa mikono miwili.

"Mama, please, kunywa," mwanangu akaninong'oneza. "Unatetemeka."

"Nyamaza. Hii ni heshima."

Bibi akasema jambo kwa Kihindi, sauti kavu. Binti akatazama sakafu kwanza.

"Mama, anauliza kama vikombe vyake ni vichafu."

Nilishtuka vibaya. Nimevuka bahari kuja kuwaposea watoto, na sasa ninawaharibia kwa mkono wangu mwenyewe! Nikaongea haraka haraka, Kiswahili na Kiingereza vikigombania mdomo: mwambie bibi vikombe vyake vinang'aa. Mwambie nakufa kwa baridi, na chai yake naitamani kuliko kitu chochote hapa duniani. Lakini sinywi mpaka aniambie kama anatupa binti au hatupi. Nikinywa sasa, nitakuwa nimemdharau.

Binti akatafsiri. Mabega ya bibi yakaanza kutikisika. Nikadhani namliza bibi wa watu. Kumbe anacheka. Akasimulia kwamba mama yake mzazi, kila alipokuja kumtembelea ukweni, hakuonja hata maji ya wakwe. Alibeba ya kwake kwenye chupa, akanywa mbele yao bila haya, kwa sababu mzazi wa binti hali cha ukweni kwa mwanawe. Alidhani ukaidi wa namna hiyo uko kwao tu.

Kisha akakigusa kikombe changu kwa mgongo wa kidole, akakunja uso, akamgeukia mjukuu wake na kumwambia maneno machache. Binti akakinyanyua kikombe kwanza, ndipo akatafsiri.

"Anasema nikaipashe moto. Anasema mkwe wake hawezi kunywa chai iliyopoa."

Nilikuwa nimeshaivuta ile shali kabla hajamaliza.