Kicheko cha Shangazi Sofia

Juzi, kwenye msiba wa shangazi Sofia, jirani yetu Bi Mwajuma alijifunga kanga ya marehemu, akaegemea mkongojo wake na kuiga alivyokuwa akiimba. Nikakumbuka ghala la tumbaku kule Urambo.

Shangazi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha maigizo kilichozunguka vijiji vya ujamaa. Alasiri moja nikiwa mtoto, ghalani humo, katika harufu tamu ya majani makavu, aliimba, akakohoa, akaanguka. Niliamini amekufa. Nilikuwa bado nalia wakati Bi Mwajuma, msichana enzi hizo, alipopanda jukwaani.

“Amka, mvivu wewe! Umekufa ili usiende shamba la kijiji?”

Watu wakaangua kicheko, nami nikamchukia. Sikujua kwamba yeye, Mzaramo, ni mtani wetu sisi Wanyamwezi, na mtani ana ruhusa ya kumtania hata maiti. Kisha tumbo la shangazi likaanza kutikisika, na maiti akacheka kuliko wote.

Juzi Bi Mwajuma aliinamia jeneza lililokuwa wazi. “Amka, mvivu wewe,” akasema, safari hii polepole. “Shamba linakungoja.”

Waombolezaji walicheka. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilikuwa nimelikodolea macho tumbo la shangazi, nikingoja litikisike.