Siku Waliyomwachia Ngoma

Mume wangu alikuwa mpasua mbao, na mpasua mbao ana ndoa mbili. Ya kwanza iko nyumbani. Ya pili iko shimoni, na mwenzake wa msumeno: mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine yuko chini ndani ya shimo, unga wa mbao unamwangukia usoni, na wanavutana msumeno mmoja kutwa nzima. Mwenzake huyo alikuwa Mnyamwezi mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na miaka ya mwanzo nilimwonea wivu kama mke mwenza. Wao walielewana bila kusema. Mimi nilisema kutwa na sikueleweka.

Hayo ni mambo ya miaka ya hamsini. Tulikuwa tunakaa Nsemulwa, reli ya Mpanda ingali ngeni, na mbao za mninga zilitafutwa kila upande. Watu walikuja na lugha zao mdomoni. Mume wangu alikuwa Mbende wa Kabungu, mimi ni Mkonongo, na Kiswahili tulikiokota njiani, kila mtu na lafudhi yake. Mengi yalipotea kati ya mdomo wa huyu na sikio la yule. Nadhani ndiyo maana ile ngoma ya Jumapili ikashika.

Kwetu sisi ngoma ina wenyewe na ina nyimbo zake, ukikosea unazomewa. Hii haikuwa hivyo. Walikuwa watu wanne nyuma ya nyumba yetu, baada ya misa: mume wangu na ngoma ndogo aliyoiwamba mwenyewe, yule Mnyamwezi na zeze lake, Mfipa mmoja mwenye manyanga, na jirani yetu Mwislamu, fundi cherehani, aliyegonga kipande cha chuma cha reli. Hawakuwa na wimbo hata mmoja. Aliyefika kwanza alianza anavyojisikia. Aliyefuata alikaa kimya, chombo mapajani, akasikiliza mpaka aone pa kuingilia, na kufanya haraka ilikuwa aibu. Akishaingia, yule wa kwanza alitakiwa abadilike kidogo, mgeni ajue kwamba amesikiwa. Hivyo hivyo mpaka wote wanne, na kilichotoka hapo hakikuwa cha mtu mmoja wala hakikurudiwa tena. Mimi niliyezoea nyimbo zenye maneno niliwaambia wazi kwamba hata kuku wangu wakipewa manyanga wataweza.

Halafu mtoto wetu wa kwanza akafa, kabla hajaanza kutambaa. Watu walikuja kutupa pole, na nilizipokea zote kwa macho makavu, kwa sababu kila mmoja alisema alichokuja nacho na kuondoka. Jumapili iliyofuata wale watatu walikuja wakakaa mahali pao. Hakuna aliyeanza. Baadaye yule Mfipa, ambaye siku hizo Kiswahili chake kilikuwa salamu na hesabu ya mbao tu, akatikisa manyanga mara moja, taratibu, akaacha. Akangoja. Hakujibiwa, akatikisa tena vilevile, bila kuongeza kitu. Mimi nilikuwa jikoni. Nilikaa chini pale penye kuni nikalia mpaka nikaishiwa nguvu, na nje nikasikia ngoma ya mume wangu inamjibu, pigo moja moja, kama mtu anayejifunza kutembea baada ya ugonjwa. Tangu siku ile habari ya kuku sikuirudia.

Na nyumbani kwangu mambo yakabadilika. Mume wangu aliniletea ndani adabu ya kule nje. Nikisema neno alingoja kwanza, na alipojibu nilijua kwamba langu limeingia, hata kama hakukubaliana nalo. Tulikuwa tunagombana vizuri. Naeleza hili kwa sababu wanawake wengi waliokuja kunipa pole baadaye, alipofariki, walidhani namlilia mtu wa kunilimia shamba. Mimi nilikuwa nalilia masikio yake.

Walikuwa na sheria moja ya adhabu. Mtu akivimba kichwa, akawapigia wenzake juu kwa juu bila kuwaachia nafasi, waliweka vyombo vyao chini wote kwa pamoja. Waliiita kumwachia ngoma. Ukiachiwa ngoma, unajisikia unapiga peke yako, unaona haya, unacheka, unakwenda kuleta wanzuki, pombe yetu ya asali, unawamiminia wenzako mmoja mmoja, kisha mnaendelea. Mfipa aliwahi kuachiwa, fundi cherehani aliwahi, na huyu alimimina tu bila kunywa, dini yake ikimkataza. Haikuzidi pumzi mbili tatu kabla ya mkosaji kushtuka. Mume wangu peke yake hakuwahi kuachiwa.

Masika moja akaugua homa ndefu. Alipoinuka alisema masikio yanavuma kama mzinga wa nyuki, nikamwambia ni udhaifu, yatatulia. Hayakutulia, ila aliacha kuyataja. Badala yake akawa msemaji. Yeye aliyekuwa anangoja sasa alianza kusema kabla hujafungua mdomo, na hakumaliza mpaka umeondoka. Watu wakicheka, alicheka. Nikimuuliza chumvi iko wapi, ananiambia mvua itanyesha. Mimi nikajua kwa hakika kwamba amepata mwanamke, maana mwanamume akiacha kukusikia ghafla, sisi tulifundishwa kutafuta sababu huko. Nilimtafuta mwanamke huyo Nsemulwa nzima. Hakuwepo, na nilikasirika zaidi kwa kumkosa.

Leo najua alivyojificha na kwa nini. Mtu wa juu ya gogo asiyesikia haitwi shimoni tena. Na siku ilifika. Mnyamwezi kule chini aliingiwa na unga wa mbao machoni akapiga kelele waache, mume wangu huku juu akaendelea kuvuta, na meno ya msumeno yakampasua mwenzake kidole. Mnyamwezi alipita nyumbani mkono umefungwa kitambaa, hakuketi. Akaniambia, "Shemeji, mume wako amekuwa mkubwa. Sikio la kufa halisikii dawa." Kisha akaenda zake. Wengine nao walikwisha kuona kwamba Jumapili anawapigia juu kwa juu, anaingia wasipomtarajia, anakaza pale wanapolegeza. Kiburi, wakasema wote. Kwa watu waliozoea kusikilizana kiasi kile, mtu asiyekusikiliza hana ugonjwa, ana dharau. Ugonjwa haukuwajia akilini hata kidogo.

Jumapili ile mume wangu alifika wa kwanza mahali pake, akaanza, akafumba macho kama kawaida yake. Wenzake wakaingia mmoja mmoja. Nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo, na hata mimi nilisikia kwamba mambo hayaendi: zeze linakwenda huku, ngoma inakwenda kule. Mnyamwezi akamtazama Mfipa, akamtazama fundi. Akalaza zeze mapajani. Manyanga yakatulia, na chuma nacho kikatulia.

Mume wangu akaendelea kupiga.

Mwanzo tulitabasamu. Tulingoja ashtuke. Fundi cherehani alikwisha kugeuka kunitazama, kama anayeuliza wanzuki ipo. Mume wangu akaendelea. Mnyamwezi akasema kwa ile sauti yake kubwa, "Basi mheshimiwa, tumekusikia." Hakuinua hata nyusi. Hapo tabasamu likanitoka, na mchele nikauacha.

Na kwa vile wote walikuwa kimya, kwa mara ya kwanza tulimsikia yeye vizuri. Alikuwa anapiga, kisha anaacha mwanya. Mwanya ule ulikuwa na urefu wa zeze, nalifahamu, nimelisikia miaka. Baada ya mwanya alibadilika kidogo, kama mtu aliyejibiwa. Akaacha mwanya mwingine mfupi, wa chuma. Akaacha wa manyanga, akaungojea uishe, akainamisha kichwa kumshukuru Mfipa. Alikuwa anawaachia nafasi wote watatu kwa zamu, kwa adabu ileile, ila aliwaachia pale walipokuwa wakiingia zamani, kabla ya homa. Alikuwa anapiga na wenzake aliowakumbuka. Hawa waliokaa mbele yake hakuwa nao.

Mnyamwezi alielewa kabla yangu. Niliona mkono wake unazifuata nyuzi, unarudi. Akafunika mdomo kwa mkono ule wenye kitambaa, machozi yakamtiririka waziwazi. Hakuna aliyekwenda kumgusa mume wangu. Nadhani sote tuliogopa kumkatisha, maana alikuwa anapiga vizuri kuliko siku zote nilizowahi kumsikia, na sisi ndio tuliokuwa tumeshika hukumu mikononi.

Alimaliza kwa utaratibu wake. Akafumbua macho huku anacheka, anatafuta nyuso za wenzake aone kama wamefurahi. Akaona mikono. Akatazama mikono ya Mnyamwezi mapajani, akatazama ya Mfipa, ya fundi, kisha yangu. Sheria aliijua, alikuwa mmoja wa walioitunga. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha wanzuki na vikombe. Akawamiminia mmoja mmoja, mkono mmoja umeshika kiwiko cha mwingine kwa heshima, kama anavyotakiwa mkosaji. Mfipa alishika kikombe chake kwa mikono miwili na hakukipeleka kinywani. Hakuna aliyekunywa.

Jumapili iliyofuata walikuja mapema kuliko kawaida. Walikuwa wamepanga, niliwaona kwa nyuso zao. Mnyamwezi alimwekea mume wangu ngoma mapajani, akamwashiria aanze. Akaanza, na wao wakamfuata. Alipokwenda walikwenda, alipopunguza walipunguza, alipokosea walikosea naye. Mwenye kupita njiani angesema leo wamepatana. Ila mume wangu safari hii hakufumba macho. Alikuwa anaangalia vidole vyao. Hakufika mbali, akaweka viganja juu ya ngozi, akainyamazisha.

"Nyie mnanifuata," akasema. Siku hizo alikwisha kuanza kusema kwa sauti kubwa isiyo na kipimo. "Zamani mlikuwa mnanibishia. Sasa hakuna anayenibishia. Ngoma ya huruma mimi siiwezi, ndugu zangu."

Mnyamwezi akamshika mkono akasema mengi, maneno ya kweli, ya kuomba radhi na ya mapenzi. Mume wangu alimtazama midomo mpaka akamaliza, akaitikia, akampa ngoma aende nayo. Sijui alipata nini katika yale maneno. Mnyamwezi aliondoka ameikumbatia ile ngoma na zeze lake mwenyewe amelisahau ukutani kwetu, nikalazimika kumkimbilia nalo njiani. Tulisimama pale barabarani wote wawili tukilia kama watoto, yule niliyemwonea wivu na mimi.

Walijaribu kukutana kwa fundi cherehani, watatu, lakini niliambiwa haikudumu. Kila walipoanza kulikuwa na mahali walipopaacha wazi na hakuna aliyethubutu kupajaza. Mnyamwezi alipata mwenzake mwingine wa msumeno. Sisi tulihamia Mwamkulu kulima, na mume wangu akawa mkulima mzuri, mkimya, kwa sababu sasa hakuwa na la kuficha. Nilijifunza kumwambia mambo kwa mikono na kwa uso. Ya chakula na ya shamba yalipita. Yale mengine, ya kugombana vizuri, hayakupata njia, na nililala nayo kifuani miaka mingi. Namchukia sana mtu anayesema kwamba mtu huzoea.

Kule Mwamkulu, jioni moja jua halijazama, tulikuwa tunapukuchua mahindi mlangoni. Alikuwa hajaitaja ngoma tangu tuhame. Akaacha gunzi mkononi, akanigeukia ili auone uso wangu.

"Siku ile waliyoniachia," akasema, "nilikuwa nawaachia nafasi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea kunitazama kama haamini, nikaitikia tena, kwa nguvu.

"Na hawakuingia," akasema.

Halikuwa swali. Hata hivyo nikatikisa kichwa, nikamjibu kwamba la, hawakuingia.