Handaki la Kambi ya Pili

Wakati wa kufungiwa kwa ajili ya Korona nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja Mkongo, pale Smithfield, ughaibuni, mbali na Uingereza. Yeye alihudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo. Mimi, mwanafunzi kutoka Tanga, nilikuwa naandika tasnifu kuhusu kambi za askari wa Kirumi kaskazini mwa Uingereza. Nilishakata tiketi ya kwenda kuziona, mipaka ikafungwa, nikabaki na picha zilizopigwa kutoka angani.

Kambi zile hazina ukuta wala paa. Kilichobaki ni tuta la udongo lililoota nyasi, na handaki ubavuni mwake. Nilikuwa nazichora kwenye kompyuta pale jikoni, maana chumbani intaneti ilikuwa ya kusuasua.

Siku moja mama hakwenda kazini. Alikuwa anapika sombe, kisamvu cha kwao, akaja kusimama nyuma yangu.

"Hawa watu walikaa hapo miaka ngapi?"

"Kambi nyingine usiku mmoja tu, Mama. Wanachimba, wanalala, asubuhi wanaondoka."

Akaguna. Yeye alikaa kambi ya wakimbizi miaka kumi na mmoja. Binti zake wote wawili walizaliwa humo. Akagusa mstari niliouchora kwa rangi nyekundu.

"Na hii?"

"Handaki la kambi ya pili, kando ya ile inayojulikana. Nimeligundua mimi."

"Hapana, mwanangu. Hii ni ya maji. Angalia, inafuata muteremko. Sisi tulichimba hivi upande wa juu wa hema, mvua isituingilie. Askari angezungusha kambi yote."

"Mama, haya mambo yanasomewa," nikamjibu.

Akarudi kwenye sufuria yake.

Siku mbili nilikula chumbani. Ya tatu nikapima mwinuko wa ardhi: mstari ulishuka moja kwa moja hadi kijitoni. Nikamwandikia msimamizi wangu, akajibu kwa sentensi moja: mfereji wa wakulima. Nikafuta kurasa nane.

"Ulisema kweli, Mama," nilimwambia jioni ile. "Unisamehe nilivyokujibu."

"Watakufelisha?"

"Hapana."

"Basi leta sahani."

Tulipomaliza kula alivaa miwani, akataka kuziona kambi zote. Kila picha aliuliza swali lile lile: maji walichota wapi, na nani alitumwa? Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja juu ya hilo. Sura ya nne ya tasnifu yangu ilianzia hapo.