Mgeni wa Benchi la Mbele

Yule fundi viatu watu walimwita Karibuni, na jina lilimkaa barabara. Hukupita kibandani kwake, penye harufu ya gundi na ngozi, bila kuulizwa habari za nyumbani na kutaniwa kidogo kwa kukanyaga visigino vya viatu. Jumapili mdomo huo ulihamia mlangoni mwa kanisa, maana yeye ndiye aliyepokea wageni. Na kanisa lao lilikuwa na mtindo wake: anayechelewa hafichwi nyuma, anapelekwa benchi la mbele kabisa, ajue alikuwa akingojwa. Wachelewaji sugu walinung'unika, naye akawashika mkono vilevile.

Ndivyo alivyomshika mkono kijana mmoja mgeni, wimbo ukiendelea. Fundi huanza kumtazama mtu kwa chini, na viatu vya kijana vilikuwa vimepigwa kiwi vizuri, hata akampenda. Akamkalisha benchi la mbele, karibu na mwashi mmoja, rafiki yake Karibuni, na mke wa mwashi. Mahubiri hayajaanza, kijana akachomoa bunduki kotini. Mwashi alimvamia, akamng'ang'ania mpaka watu wakapata kutoka na wengine wakaja kumkamata. Mwashi mwenyewe alitolewa amebebwa, amekwisha kufa kwa risasi.

Jamani, mtaa ulilia. Hata wasiojua mlango wa kanisa unaelekea wapi walikuja na viti, wakateka maji, wakakaa na mjane. Karibuni alimzika rafiki yake, kisha akajifungia katika kazi. Alishona soli kimya kimya, na wateja wakaondoka bila utani wowote. Kanisani akawa haendi. Wazee wakataka mlango uwe unafungwa kwa komeo ibada ikianza, na anayechelewa arudi kwake. Mchungaji akawaomba wamngoje kwanza Karibuni.

Aliyemfuata ni mjane. Aliingia kibandani, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Shemeji, Jumapili tutakuona mlangoni?"

"Siwezi, shemeji. Mimi ndiye niliyemleta mpaka mlipokaa."

"Wewe ulimleta kanisani. Bunduki alikuja nayo mwenyewe."

Fundi aliinamia kiatu asionekane uso.

"Nina hasira, nisikufiche," mjane akasema. "Kijana yule namwombea huku nimeuma meno, na Mungu anayaona meno yangu. Lakini mlango ule ukifungwa, mume wangu atakuwa amekufia nini?"

Karibuni akalia, akalia sana, na mjane akamngoja amalize.

Jumapili akasimama mlangoni. Kila aliyeingia alimkumbatia; kina mama wakamwambia amekonda, mkewe hampi chakula, na mkewe akawajibu ipasavyo. Akawashukuru mmoja mmoja. Ibada ikaanza, mlango ukabaki wazi.

Katikati ya wimbo akatokea mwanamume asiyemjua, koti zito, mikono mifukoni. Sauti za waimbaji zikapungua. Karibuni akaitazama mifuko ile. Angeweza kumwonyesha kiti cha nyuma, na nani angemlaumu? Akanyoosha mkono.

"Karibu, ndugu yangu. Tulikuwa tunakungoja."

Mgeni akatoa mkono mfukoni, mkono mtupu, wa baridi, akaupokea wa Karibuni. Wakatembea pamoja kati ya mabenchi, Karibuni akiwa bado ameushika, na watu wakiwatazama bila kupumua. Benchi la mbele lilikuwa limejaa, isipokuwa nafasi moja kando ya mjane, ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia tangu siku ile.

Mgeni akasita. "Hapa pana mtu, mama?"

Mjane alimtazama usoni, akavuta mkoba wake kumpisha.

"Palikuwa na mtu, baba, na namshukuru Mungu kwa ajili yake," akasema. "Kaa."